Ndimu Sita za Malimbuko

Nina mndimu kwenye chungu kikubwa, hapa Richfield, huku ughaibuni. Mwezi wa tano nautoa nje, mwezi wa tisa nauingiza ndani kabla baridi haijaukuta. Mwaka huu ulizaa ndimu sita. Nilizitangaza kanisani mpaka mchungaji akaniomba niulete mti wenyewe Jumapili ya mavuno, watoto waliozaliwa huku waone malimbuko yakichumwa.

Basi nikapata shifti za ziada kwenye nyumba ya wazee ninakofanya kazi, mti nikausahau nje. Nilipoukumbuka, baridi ilikuwa imeshaupiga. Ndimu zote zilikuwa chini, zimeoza.

Mtu mwenye akili angempigia mchungaji simu. Mimi nilikwenda supamaketi, nikanunua ndimu sita, nikazifunga matawini kwa uzi wa kijani. Hiyo rangi ya uzi niliichagua mwenyewe, na nikajipongeza.

Jumapili mti ukasimama mbele ya madhabahu.

"Mama Eliya, umewezaje na baridi hii?" mchungaji akaniuliza kwenye kipaza sauti.

"Ni mkono wa Bwana tu, Baba Mchungaji."

Kanisa zima likaitikia amina.

Akamwita Anna, binti wa darasa la pili, achume tunda la kwanza. Anna akavuta, likagoma. Akavuta kwa mikono miwili, uzi ukakatika. Mchungaji akamsogezea kipaza sauti awaambie waumini ameshika nini. Mtoto akaigeuza ndimu, akakiona kibandiko, akakisoma taratibu, kwa sauti safi kabisa:

"Mexico."