Nilivyomwangukia Mkwe kwa Sababu ya Valvu

Mwaka ule maharagwe yalipopanda bei mpaka mtaa wetu wa Gatina mzima ukala muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa, na kabeji, ndio mwaka nilioaibika, na nawaandikia mwenyewe kabla jirani yangu Mama Otieno hajaongeza chumvi.

Sisi akina mama tulikuwa na mtungi mkubwa wa mvuke, uliochomelewa na mafundi wa Laini Saba, tunapikia muthokoi ya kuuza. Juu yake kuna valvu, mvuke ukizidi inafunguka yenyewe kuupunguza. Sasa ile kelele yake, fyuuu, ilinichosha (mimi nikiongea sipendi kukatizwa), nikaifunga kwa waya na kuirudishia kofia yake, hakuna aliyeona.

Halafu mwenye ploti akataka mtungi ukaguliwe, na fundi aliyekuja, Mungu wangu, ni mume wa binti yangu, kazi yake ni kukagua mitungi ya viwandani, na sisi Wakamba mama mkwe na mkwe hawakaribiani, basi nikajifunika leso nyuma ya magunia, maswali yakawa yanapitia kwa Mama Otieno.

“Anauliza kama kuna mtu amegusa valvu.”

Ningekubali vipi makosa mbele ya mkwe? Nikasema hakuna.

Akaeleza kwamba mtungi haupimwi kwa siku nzuri, unapimwa kwa siku mambo yameharibika, bomba limeziba na mtu amesahau moto. Akafunga bomba la kutolea mvuke, akafungulia gesi yote, akainama pale karibu kungoja valvu ifunguke. Mshale wa presha ukapita alama nyekundu, yeye bado anategea sikio, na ni mimi peke yangu niliyejua haifunguki. Ulimi ulikataa, miguu haikukataa. Nikatupa leso, nikamvaa mkwe kifuani na uzito wangu wote, tukaanguka kwenye karai la kabeji, na ni yeye, akiwa chini yangu, aliyenyoosha mkono akazima gesi.

“Kuna waya ndani,” nikamwambia usoni. “Niliufunga mimi.”

Hakunigombeza, na hilo ndilo linaniuma mpaka leo. Ningemfanya binti yangu mjane kwa kuona haya. Sitafunga tena kitu kilichowekwa kifunguke.

Mtungi ulipopoa akatoa waya, akawasha upya, valvu ikafunguka, fyuuu. Akaniita yeye mwenyewe, bila kupitia kwa mtu, nije nione. Mimi nilikuwa nimeukabili ukuta, kabeji kichwani.

“Sigeuki mpaka atoke.”

“Umeshamlalia mbele ya mtaa mzima,” Mama Otieno akasema, “unaficha nini tena?”

“Sigeuki mpaka atoke.”