Picha ya Kijani ya Dada Mugesi

Nakumbuka siku moja ya mwaka ule tuliokula udaga, ule unga wa muhogo mkavu, mpaka tukasahau mahindi yana ladha gani. Mahindi yalikauka shambani yakiwa kimo cha goti. Asubuhi uji wa udaga, jioni ugali wa udaga na dagaa, na sato tulikuwa tunawaonaga tu mgongoni mwa pikipiki wakipelekwa kwa wengine. Mtu yeyote wa Bunda ukimtajia mwaka wa udaga anaujua. Ndio mwaka ambao dada yangu Mugesi alikuja kunitembelea kutoka Butiama, na hakuja tena.

Mwanangu, mimi shule niliishia darasa la tatu, lakini nyumba yangu ina mwalimu. Neema, mke wa kijana wangu, anafundisha shule ya msingi, na mume wake alimnunulia printa ya kuchapia mitihani hapa hapa nyumbani. Hiyo printa nilijivunia kuliko ng'ombe. Niliifumia kitambaa cheupe cha kuifunika. Kila nikienda Butiama kwenye msiba au harusi lazima niitaje: kwangu kuna mashine inatoa picha, mtu anatoka na rangi zake zote. Kumbe haikuwahi kutoa picha hata moja. Kazi yake ilikuwa mitihani, wino mweusi tu, mwezi unaingia mwezi unatoka. Wino wa rangi ulikaa humo ndani kama mgeni ambaye hakuna aliyemkaribisha chakula.

Mugesi naye maisha yake yote alikuwa na picha moja, ile ya kitambulisho. Wewe unazijua zile picha. Alionekana kama mtu anayesubiri kuchomwa sindano. Na dada yangu hakuwa mtu wa sura hiyo! Alikuwa mcheshi, jino la mbele hana, akicheka kuku wanakimbia. Siku hiyo alifika na karanga kwenye kiroba, akakaa, akaniambia hata kabla ya kunywa maji:

"Nyangeta, nimekuja kwa mashine yako. Nataka picha ninacheka. Nikifa wajukuu wasije wakadhani bibi yao alikuwa polisi."

Neema akampiga picha kwa simu, akicheka kweli kweli, kitenge kimemteleza begani. Kwenye simu ilikuwa nzuri mpaka nikamwonea wivu. Nikaondoa kitambaa changu kwa madaha, Neema akawasha printa, karatasi ikaanza kutoka taratibu.

Ilitoka ya kijani. Uso wa dada yangu ulikuwa kijani kama mlenda, na mistari myeupe imemkata kuanzia paji la uso mpaka kidevuni.

Mugesi aliishika, akaiangalia, akaangua kicheko. "Yesu wangu! Mmenifanya kenge wa ziwani!"

"Dada, ngoja, itarekebishwa," nikasema. Uso ulikuwa unaniwaka.

"Irekebishwe ya nini? Nipe hii hii. Jino langu si linaonekana halipo? Basi ni mimi."

Akaanza kuikunja aiweke kwenye mkoba. Nikaona mbele yangu wale wanawake wa Butiama niliowatambia miaka yote, wanapokezana hiyo karatasi na kunicheka. Nikaivuta mkononi mwake. Nikamwambia, "Hiyo haitoki humu ndani."

Mugesi alinitazama. Hakugombana na mimi. Akakaa akaanza kumenya karanga.

Neema akachapa karatasi ya kupima, ile yenye mistari ya kila rangi. Mweusi ulikuwepo, njano ipo, bluu imekatikakatika, nyekundu hakuna kabisa. Akanieleza kwamba wino unatokea kwenye vitundu vidogo kuliko tundu la sindano, kwenye kile kichwa kinachokwenda huku na huku. Mafundi wanakiita hedi. Wino ukikaa bila kutumika unakauka kwenye vile vitundu. Lakini kompyuta ina amri ya kusafisha: unabonyeza, printa inanguruma, inasukuma wino kwa nguvu kuzibua.

"Basi bonyeza," nikasema.

Akabonyeza. Nyekundu haikuja.

"Bonyeza tena."

"Mama, wanasema ikigoma unaizima, unaiacha mpaka kesho. Wino mbichi unalainisha ule mkavu. Na kila tukisafisha tunamwaga wino."

"Kesho mama yako mkubwa huyu hayupo! Bonyeza, mwanamke!"

Mugesi akatema ganda la karanga. "Nyangeta, sufuria likishika ukoko wewe unalifanyaje?"

"Nalisugua."

"Ndiyo maana masufuria yako yana matundu. Mimi nalimwagia maji, naenda zangu kulala. Asubuhi ukoko unatoka wenyewe kama ngozi ya nyoka. Mwache mtoto wa watu apumzishe mashine yake. Na wewe upumzike, tangu nimefika hujaniuliza hata miguu yangu inaendeleaje."

Hayo ndiyo maneno ya mkubwa wangu, mwanangu, na sikuyasikia. Nilimsimamia Neema kichwani mpaka njano nayo ikaisha, bluu ikaisha, na kikatokea kitaa kinawaka kusema wino hakuna. Basi la Butiama likapiga honi barabarani. Dada yangu akaondoka bila picha. Nikamfuata mpaka mlangoni mwa gari nikimwahidi, "Nitakuletea nzuri mwenyewe, kabla ya Krismasi." Akanijibu, "Wewe nzuri zako!" Akacheka. Miguu yake sikuiuliza.

Baada ya siku kadhaa Neema alienda Musoma kununua wino. Alirudi na wino, lakini simu ilikuwa imeibiwa stendi, pamoja na kile kicheko ndani yake. Tukaweka wino hata hivyo. Printa ilikuwa imekaa siku hizo zote bila kuguswa. Akaisafisha mara moja, akachapa karatasi ya kupima: nyekundu hiyo, imenyooka, haina hata mkato. Nilikaa kwenye kiti.

Nikajisemea nitampiga picha nyingine akija. Mvua ikanyesha, kila mtu akaingia shambani, mimi Bunda na yeye Butiama. Palizi haikuisha, na Mugesi akafa. Kwenye jeneza waliweka ile ya kitambulisho, imekuzwa. Wajukuu wake walisimama wakimwangalia yule polisi. Ile ya kijani nilikuwa nayo kwangu, chini kabisa ya sanduku la nguo, na hata siku ya kumzika sikuibeba. Bado nilikuwa naona aibu, aibu ya karatasi.

Sasa nisikilize. Ukiwa na printa ya wino nyumbani, usiifunike kama kaburi. Hata kama kazi yako ni nyeusi tu, kila wiki itoe karatasi moja yenye rangi zote, hata ua la kuchora. Ikitoa mistari au sura za ajabu, chapa kwanza karatasi ya kupima ujue ni rangi ipi iliyogoma. Isafishe mara moja, ukizidisha sana mbili, kisha izime ulale. Usiichokonoe hedi na sindano, utaiua. Na mtu anayekupenda akikuomba kitu chako kilivyo, na kasoro zake, mpe aondoke nacho. Hicho kizuri unachomtengenezea kinaweza kumkuta hayupo. Mungu akupe mikono isiyo na pupa, na siku yako ikifika watu wakukumbuke ukicheka.

Ile picha niliitoa sandukuni. Ipo ukutani, juu ya kitanda changu, na alama ya mkunjo aliouanza mwenyewe. Juzi Wambura, mtoto wa Mugesi, alikuja akasimama mbele yake muda mrefu. Nikamruhusu akaipiga kwa simu yake, awapelekee wenzake. Halafu akainua mkono kuibandua, anasema ataipeleka studio Musoma wamwondolee mama yake ule ukijani, wazibe na ile mistari, ataniletea ikiwa nzuri.

Nilimshika mkono. Nikamwambia, "Hiyo haitoki humu ndani."