Mfungo wa Siri wa Saverio

Saverio Ojera, polisi mstaafu, ni Mkatoliki aliyezaliwa Gulu. Mkewe Kaltumi ni Mwislamu wa Arua. Walikutana katika kambi ya polisi, na kwa kuwa hakuna aliyejua lugha ya mwenzake, Kiswahili cha kambini ndicho walichotumia kuchumbiana na kulelea watoto, Odur na wadogo zake.

Alipopatikana na kisukari, Saverio aliipokea dawa kama alivyopokea amri kazini. Ayoo, nesi wa kliniki ya jirani, alimwambia ameze kila asubuhi pamoja na chakula. Kilichomkaa kichwani ni “kila asubuhi” tu.

Ramadhani ya kwanza baada ya kustaafu ilimkuta nyumbani. Zamani alikula mchana kituoni, hakuwahi kumwona mkewe akishinda na njaa huku akipika. Sasa alimwona. Akawa anaaga kwamba anakwenda kula kwenye soko la Kalerwe. Alifika kweli, akazunguka sokoni, akarudi bila kutia kitu mdomoni.

Mchana mmoja Kaltumi alimkuta ameketi kizingitini, shati limelowa jasho, mikono ikitetemeka, anaongea maneno yasiyo na mbele wala nyuma. Akampigia Ayoo simu, akamweleza.

"Anaweza kumeza?"

"Anaweza."

"Mpe maji yenye sukari nyingi sasa hivi. Anywe polepole."

"Sukari, sista? Si ndiyo ugonjwa wake? Mimi hata nimeificha!"

"Mama, nadhani imeshuka mno. Mpe. Nakuja."

Ayoo aliposhuka kwenye bodaboda, Saverio alikuwa ameanza kumtambua mkewe. Nesi akampima, akamlisha mkate, kisha akawachukua wote wawili hadi kliniki, maana dawa ile huweza kuendelea kushusha sukari hata mtu akishapata nafuu.

Huko hakumuuliza kama anameza dawa. Alisema, "Mzee, nisimulie siku yako, tangu ulipoamka."

"Niliamka, nikameza dawa."

"Ukala nini?"

Saverio alimtazama mkewe. "Huyu anafunga. Ningekula vipi mbele yake?"

"Na Kalerwe?" Kaltumi akauliza.

"Nilikuwa natembea tu."

Kaltumi alijifunika uso kwa mtandio. "Baba Odur, nani alikuomba?"

"Hakuna."

Ayoo akaeleza kwamba dawa ile inashusha sukari, mtu awe amekula au hajala. Akataka Saverio arudie kwa maneno yake mwenyewe.

"Nimeze kila asubuhi."

"Na nini?"

"Na chakula. Nikikosa chakula, nisimeze. Nikupigie kwanza."

"Akitokwa jasho na kutetemeka?" Ayoo alimgeukia Kaltumi.

"Sukari haraka, halafu chakula, halafu wewe."

Daktari wa kliniki alimpunguzia kipimo cha dawa, na jioni wakaruhusiwa kurudi nyumbani.

Kesho yake mchana Kaltumi alimpakulia matoke. Saverio akabeba sahani kwenda nyuma ya nyumba.

"Rudi ndani," mkewe alimwita. "Hujaiba."

Akarudi, akaketi, akala taratibu huku ameinamisha kichwa. Kaltumi alikuwa jikoni akikoroga maharage ya futari. Alichota kidogo kwenye kijiko, akakipuliza, akamletea.

"Mimi siwezi kuonja. Chumvi imekaa?"

Saverio alitafuna, akafikiri. "Ongeza kidogo," akasema.