Sauti Niliyoifagia Kwenye Kanda

Siku moja ninayoikumbuka hata nikiwa nimesahau nilikoweka miwani, mwanangu, ni ile Jumapili niliyoingia kwa akina Hamisi pale Waa na kanda mpya mfukoni, nikitembea kama mtu aliyetoka kuposa akakubaliwa. Nitaifikia siku hiyo. Wewe umeniletea kompyuta yako, unaniambia unaweza kuzisafisha nyimbo zetu za zamani zikawa kama zimeimbwa jana, unachotaka ni ruhusa tu. Ruhusa nitakupa. Lakini keti kwanza, maana kazi hiyo mimi niliwahi kuisimamia, na niliisimamia vibaya.

Unajua kwamba mimi si mtu wa Pwani kwa kuzaliwa. Nilitoka Ukambani nikiwa kijana, nikapata kazi ya kubeba sahani katika hoteli moja ya Diani. Hamisi alikuwa mtunza bustani wa hoteli hiyohiyo, Mdigo wa Waa, na kila mmoja wetu alikuwa na gita lake la kuungaunga. Meneja alitusikia siku moja tukiimba nyuma ya jiko, akatutaka tuwaimbie wageni wakati wa chakula. Hamisi sauti ya juu, mimi ya chini. Basi tukawa wawili, ukimtaja mmoja umemtaja mwenzake.

Siku ya kwanza Hamisi aliponipeleka kwao, nilimkuta mamake, Bi Mwanakombo, anapepeta mchele. Nikamwambia, "Habari yako, mama," nikatafuta pa kukaa. Akaniangalia juu mpaka chini.

"Toka nje," akasema, "kisha uingie tena kama mtu aliyelelewa."

Nikatoka. Hamisi akaninong'oneza neno mlangoni, nikaingia na shikamoo yangu ya kwanza, imepinda lakini ipo. Bi Mwanakombo akaipokea, "Marahaba," akanitolea mkeka. Tangu hapo siku zangu zote za mapumziko nilikula kwake. Mama yangu mzazi alikuwa mbali, na barua zake zilikuja mara mbili kwa mwaka. Sikuwahi kumwambia Bi Mwanakombo asante ya kutosha. Vijana hatuambiani mambo hayo, tunadhani sahani inajijaza yenyewe.

Kanda yetu ya kwanza tuliirekodi uani kwake, kwa redio ya kaseti tuliyoiweka juu ya kinu kilichopinduliwa. Ilikuwa na makosa mengi. Jogoo aliwika katikati ya wimbo mmoja wa upande wa pili. Mimi nilikohoa. Na mwishoni kabisa, wimbo wa mwisho ulipokuwa unatulia, Bi Mwanakombo alipaza sauti kutoka jikoni kutuita tukale. Hamisi akacheka, akaizima redio. Tukainakili hivyohivyo kanda baada ya kanda, tukawauzia wafanyakazi wenzetu wa hotelini. Baadaye tulitoa kanda nyingine mbili, hizo tulizirekodi Mombasa kwenye studio yenye mlango mzito, lakini watu waliipenda ile ya uani.

Kisha Bi Mwanakombo akafariki. Aliumwa siku chache tu. Picha yake haikuwepo hata moja, hakupenda kupigwa picha, alisema uso wake wanaouhitaji wanao.

Mwishoni mwa miaka ya tisini wageni walipungua, hoteli nyingi zikafunga milango, na wenzangu wa bara wengi wakafunga mizigo. Mimi nilisimamishwa kazi. Hamisi walimbakisha, kwa sababu nyasi hazijui kama wageni wamepungua. Katika wageni wachache waliokuwepo alikuwamo mzee mmoja Mjapani, mpole, mwenye kofia asiyoivua hata mezani. Alipenda kutusikiliza, maana jioni bado niliruhusiwa kuja kuimba na Hamisi. Siku moja alituita kibarazani, akafungua sanduku dogo la karatasi ngumu. Ndani mlikuwa na sidii nne na kijitabu cha picha.

Walikuwa waimbaji wawili wa mji wake, wa magita mawili kama sisi. Mzee yule alituchezea albamu moja baada ya nyingine kwenye mashine yake ndogo, akitueleza kwa Kiingereza cha polepole. Ya kwanza waliiimba wakiwa wanafunzi, katika chumba cha kupanga. Ya pili waliiimba walipokuwa wameshapata jina, na unasikia wazi kwamba wanajua wanasikilizwa. Ya tatu waliiimba wakiwa wamegombana, kila mmoja aliingia studio siku yake, fundi akaziunganisha sauti. Ya nne wakiwa na mvi, wamepatana. Kanda zao zote za asili zilikuwa zimechakaa, na sasa zilikuwa zimesafishwa upya na kutiwa katika sanduku moja, umri mzima wa watu wawili.

Mimi macho yangu yalikuwa kwenye kijitabu. Nywele ndefu, kisha suti, kisha miwani. Nilishaanza kutuona mimi na Hamisi mle ndani. Hamisi yeye alikuwa ameinamisha sikio.

"Hiki kinacholia hapa ni nini?" akauliza. Ilikuwa ile albamu ya kwanza.

Mzee akatabasamu. Akasema ni kiti. Chumba kilikuwa na kiti kimoja cha mama mwenye nyumba, kililia kila aliyekikalia alipojisogeza. Fundi aliyesafisha alitaka kukiondoa kilio kile, waimbaji wote wawili wakamkataza. Wakamwambia aondoe mvumo wa kanda, kiti akiache.

Mwanangu, maneno hayo yaliingia sikio langu moja yakatokea la pili. Ndiyo maana wahenga walisema, asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi niliondoka pale na wazo moja tu: nasi tusafishwe.

Nilikuwa na siku nyingi zisizo na kazi, na Mombasa kulikuwa na fundi mmoja aliyepata mashine mpya. Hamisi hakupewa ruhusa kazini. Akatoa kanda mama, ile ya asili tuliyorekodi uani, aliyokuwa ameifunga kwa kitambaa, akanikabidhi. "Nenda nayo," akasema. "Wewe ni mimi."

Fundi alikuwa hodari. Mvumo ukatoka. Jogoo akatoka, nikapiga makofi. Kikohozi changu kikatoka. Tulipofika mwisho akaniuliza, "Na huyu mama anayepiga kelele?" Nami, Mungu anisamehe, nilikuwa nawaza sanduku na kijitabu na watu wa mbali watakaotusikia, nikaona haya kwamba watasikia tunaitwa wali. Nikasema, "Toa." Kisha akaniuliza kama airudishe kanda ya zamani. Nikamwambia ya nini tena, airekodie mtu mwingine. Usiache mbachao kwa msala upitao. Methali hiyo nilikuwa naiimba jukwaani, tena kwa madaha.

Sasa ile Jumapili. Nilimkuta Hamisi na shangazi yake, Bi Mwanasiti, dada wa marehemu babake. Nikaitia kanda mpya kwenye redio. Ilikuwa safi kama maji ya kunywa. Bi Mwanasiti akawa anatikisa kichwa, Hamisi ananitazama anacheka. Wimbo wa mwisho ulipokaribia kwisha, nikaona wote wawili wamesogea mbele. Magita yakatulia. Kanda ikaendelea kuzunguka bila kitu.

"Mbona hajasema?" Hamisi akauliza.

Hapo ndipo nilipojua. Kumbe Hamisi, tangu mazishi, kila Ijumaa alikuwa akiifungua kanda ile mwisho tu, anamsikia mamake, anaifunga. Hakuniambia, nami sikuuliza. Nilieleza kwa kigugumizi habari za fundi, na kanda ya zamani ilikokwenda. Hamisi hakunipigia kelele. Aliinuka, akasema, "Miaka saba umekula kwake," akaingia chumbani.

Bi Mwanasiti ndiye aliyebaki na mimi. "Nyumba ilikuwa na vumbi, ukafagia," akasema. "Ahsante. Na mwenye nyumba naye ukamzoa, ukamtupa jaani. Ufagio hauna macho, baba. Macho ni yako wewe unayefagia."

Nilitamani anitukane. Nilirudi mbio kwa fundi, nikakuta kanda yetu imeshatiwa harusi ya watu. Maji yakimwagika hayazoleki. Lakini nikakumbuka nakala tulizouza, nikaanza kuzitafuta, Diani, Msambweni mpaka Kwale juu, nyumba kwa nyumba za watu tuliofanya nao kazi. Wengi walishahama. Waliokuwepo walikuwa wamezirekodia taarabu, au zimeliwa na redio. Wiki ya tano nikamkuta Mama Kadzo, aliyekuwa dobi wetu, anauza kuku Kombani siku ya soko.

"Ninayo," akasema. "Upande mmoja watoto wameutia mahubiri. Wa pili ni mzima."

Nikanyoosha mkono. Akanitazama, maana nilikuwa nimeshamsimulia kila kitu.

"Wewe sikupi. Umeshaonyesha unavyotunza vya watu. Mlete mwenye mama."

Kumwendea Hamisi ndiko kulikokuwa kugumu. Nilisimama mlangoni kwao, nikabisha hodi, sikuingia. Nikasema nimekosa, sina neno la kujitetea, ila Kombani kuna kanda. Nikasikia sanduku la nguo likifunguliwa ndani. Kisha akatoka, amevaa kanzu kama anayekwenda kumtembelea mtu.

Tuliketi kwenye vigoda vya Mama Kadzo, redio katikati. Mvumo ulikuwa mwingi, kanda inavutika, sauti zetu zinalegea kama za walevi. Jogoo akawika. Nikakohoa. Magita yakatulia. Kisha, kutoka mbali, jikoni:

"Wanangu! Njooni mle, wali unapoa!"

Hamisi akajifunika uso kwa kanzu. Mimi nililia wazi, mbele za wateja wa kuku. Miaka yote nilijua kwamba alituita tukale, lakini maneno yenyewe sikuwahi kuyashika. Hamisi ndiye aliyeyatamka, uso bado umefunikwa.

"Umesikia? Wanangu. Alituita wawili."

Nilikuwa nimemfuta mama yake, na nilikuwa nimejifuta mwenyewe nyumbani mwake. Hamisi akanishika mkono. Hakusema amenisamehe. Alisema, "Irudishe nyuma, tusikie tena."

Mama Kadzo alitunakilia mwishowe, na nakala hiyo ndiyo iliyomo katika mkebe huu ninaokukabidhi. Basi sikia nasaha yangu, mwanangu. Kusafisha ni kuzuri, wala usije ukasema mzee amekukataza. Ila kabla hujaondoa kitu, uliza ni cha nani, na umwulize aliye hai maadamu yu hai. Usione haya kwa jiko lililokulisha eti wageni wanasikiliza. Na ukikosa, usikae na aibu yako chumbani; toka ukatafute, hata kama ni wiki ya tano. Vumbi liondoe. Jogoo ukipenda mwache. Yule mama usimguse.

Mungu akupe mkono mwepesi na sikio lenye subira, akujalie mtu wa kukuita ukale, nawe uwe na wa kuwaita. Sasa washa mashine yako. Hamisi anakuja baada ya alasiri, naye amesema ule mwisho wa kanda atakaa nawe ausimamie mwenyewe.