Mishipa ya Jicho la Leopold

Kabla Kalista hajaja, mpiga picha wa macho katika kliniki yao ya Mbinga alikuwa Veneranda peke yake. Wagonjwa wa kisukari walikuja kutoka Maguu mpaka Mbamba Bay, wakaweka kidevu kwenye kamera, naye akawapiga picha ya retina, huko nyuma ya jicho. Daktari Wendelin alimsifu mbele ya watu.

Kalista alikuwa muuguzi kijana, ametoka masomoni. Kamera hakuigusa. Alizichukua picha za Veneranda, akabakiza rangi ya kijani tu kwenye kompyuta, kisha akakuza tofauti ya giza na mwanga kipande kwa kipande, mpaka mishipa myembamba iliyomezwa na wekundu ikaonekana. Sasa daktari akifika kazini anamwita Kalista. Veneranda alilisikia jina lile, roho ikamuuma. Binti akimwamkia, "Shikamoo dada," anaitikia bila kugeuka.

Mwishowe alimwambia daktari kwamba Kalista anazichora picha, mishipa mingine anaitunga mwenyewe. Daktari akaingiwa na shaka, akaagiza picha zisomwe kama zamani.

Ndipo akaja Leopold, kaka yake Veneranda, mvuvi wa Mbamba Bay mwenye kisukari, analalamika kuona vitu kama nywele vinaelea machoni. Veneranda akampiga picha. Akaikodolea macho, hakuona kitu. Lakini zile nywele zilimtia hofu. Akamfuata Kalista.

"Nifanyie hii."

"Dada, daktari amekataza."

"Ni kaka yangu."

Kalista akafanya. Kando ya mshipa wa fahamu wa jicho kulikuwa na kishada cha mishipa mipya, aina inayopasuka na kuvuja damu. Veneranda akarudia picha yake ya mwanzo. Kishada kilekile kilikuwemo, hafifu sana.

Akaenda kwa daktari. "Kalista hachori kitu. Nilisema vile kwa wivu."

Daktari alimtia Leopold dawa ya kupanua mboni, akachungulia, akamwandikia rufaa siku hiyohiyo akachomwe mishipa ile kwa leza. Leopold anavua mpaka leo.

Agizo likafutwa. Baadaye Kalista aliitwa Songea kufundisha wengine. Veneranda alimsindikiza mpaka stendi, akambebea begi, akamtakia safari njema kwa moyo. Lakini basi lilipoondoka alijikuta anawaza kwa nini hakuitwa yeye.