Konzi ya Maharage Katika Kibuyu cha Jirani

Mjukuu wangu ameshinda kwenye kochi tangu asubuhi, simu mkononi. Anafuatilia watu wanaocheza chesi huko Ulaya, ile ya haraka haraka, mabingwa watupu. Pembeni ya picha kuna mstari unaopanda na kushuka, eti unaonyesha nani anaelekea kushinda. Yeye na wenzake humo simuni wanashindana kutabiri huku wakitukanana. Akaniuliza, "Bibi, wewe unamwona nani hapa?" Nikamjibu vibaya. Nikamwambia aniondolee takataka yake mbele ya macho. Alishangaa, mtoto wa watu. Sikumweleza kitu. Nakueleza wewe.

Kutabiri mshindi, mwenzangu, ni kazi yenye chuki ndani yake. Mimi nilikuwa hodari wa kazi hiyo kabla sijaota meno yote ya ukubwani.

Nilikulia Iringa, upande wa Kalenga. Miaka ile ya sabini, wakati wa vijiji vya ujamaa, walitutoa kwenye maboma yetu wakatupanga kijijini kwa mstari kama meno, watu waliokuwa hawapendani wakaangaliana mlango kwa mlango. Mlango wetu ulitazamana na wa fundi cherehani aliyetoka Mbeya. Moshi wake uliingia kwetu, kuku wetu walikwenda kunya kwake. Baba alimchukia mtu yule kwa moyo safi kabisa. Na mama naye alikuwa mtu wa Mbeya, basi ikawa akisalimiana na fundi kwa lugha ya kwao, baba anatema mate chini.

Kitu pekee tulichohama nacho chenye maana ni mbegu ya bibi, mama yake baba. Yalikuwa maharage ya mviringo yenye madoa ya zambarau, kama yai la ndege. Aliyabeba kichwani ndani ya kibuyu, hakukubali yapande lori. Hakuna nyumba nyingine iliyokuwa nayo. Ukiyachemsha yanatoa mchuzi mzito wenye utamu fulani, ukila na ugali wa moto asubuhi ya baridi unasahau hata matusi. Kule kwetu kila nyumba ilijulikana kwa maharage yake. Ukimwaga takataka zako njiani, watu wanajua.

Sasa drafti. Kila mwaka mahindi yakishaingia ghalani, vijiji vyetu vinane vilitoa kila kimoja mchezaji wake mkali, na kijiji chetu kama mwenyeji kikatoa wawili: baba na fundi. Walichezea kwenye baraza la duka la ushirika, kete za visoda upande mmoja na za magunzi upande wa pili. Zamani wazee walifikiri mpaka ng'ombe wanarudi. Ndipo mwalimu wa elimu ya watu wazima akaleta sheria ya njiti. Anawasha kiberiti, na kabla moto haujafika vidoleni mwake uwe umecheza. Usipocheza, umefungwa. Mwalimu yule alikuwa na vidole vyeusi kama vya mhunzi, na roho ya kufurahia watu wakitetemeka.

Watazamaji nao walitabiri. Fainali ikijulikana, vinawekwa vibuyu viwili nyuma ya duka, kila mtu anakwenda peke yake na konzi yake ya maharage na kuyatia kwa yule anayemwona mshindi. Mwishoni vinamwagwa kwenye ungo, yanatambuliwa maharage ya kila nyumba, kisha yote yanapikwa chungu kimoja. Waliopatia wanakula, waliokosea wanasimama kuangalia. Hapo ndipo utamu wa chuki ulipo. Lakini kwa desturi yetu mtu wa nyumba humtilia mtu wa nyumba, hata awe amekwisha kufa.

Shule mimi niliishia darasa la tatu. Lakini mwaka ule nilikaa chini ya benchi tangu asubuhi, nikapatia mechi zote bila kujua drafti yenyewe vizuri. Nilikuwa siangalii kete. Nilikuwa naangalia njiti. Mtu anayecheza moto ukiwa bado kichwani mwa njiti, huyo anajua anakokwenda. Anayesubiri moto ufike kwenye kucha za mwalimu, huyo amekwisha. Baba alianza siku akicheza kichwani. Kufika mchana alikuwa anachezea kwenye kucha. Fundi hakubadilika.

Na fainali ikawa baba na fundi. Nani angependa?

Baba alimgeukia mama mbele ya watu wote. "Leo ole wako nikusikie unamshangilia ndugu yako. Utafungasha uende naye kwenu." Mama alikuwa ananyonyesha mdogo wangu, akavuta kanga akamfunika.

Nikaenda nyuma ya duka na konzi yangu. Nisikufiche: sikutaka baba ashindwe. Nilitaka kupatia. Nilikuwa nimepatia siku nzima na njaa ilikuwa inaniuma. Nikatia kwa fundi. Akili yangu haikukumbuka kabisa kwamba yale maharage yana madoa.

Wakacheza. Watu wanazomea, "Cheza mzee, mwalimu anaungua!" Fundi naye akatia chumvi, "Mwacheni afikirie, nyumbani hana nafasi, moshi wangu umejaa." Baba akacheka kwa hasira, akasukuma gunzi lisilopaswa kusukumwa. Fundi akala tatu kwa mpigo, akaingia kingi, kete yake ikawa mfalme. Njiti ya mwisho ilizimika baba mkono uko hewani.

Wakamwaga vibuyu kwenye ungo. Cha fundi kilimwagwa cha kwanza. Mke wake akainama, akapiga kelele, "Hee! Jamani njooni! Haya madoadoa si ya kwa huyu?" Kicheko kile nakisikia mpaka leo. Baba alimtazama mama, akasema taratibu, "Kafungashe."

Mama akasimama na mtoto mgongoni. Mimi nikauficha mkono wangu mgongoni. Bibi akasogea kwenye ungo, akayachambua yale maharage kwa kidole. Yalikuwa kumi na moja tu. Akaninyanyulia macho mara moja, akayashusha. Kisha akasema kwa sauti ya kusikika, "Mwache mkeo. Ni mimi. Nilikuona umechoka."

Tangu siku hiyo baba hakumsalimia mama yake. Kwetu, mtoto aliamka akaenda mlangoni kwa mzazi kusema "kamwene" kabla hata ya kunawa uso. Bibi aliendelea kukaa mlangoni kila asubuhi, jivu miguuni, akingoja. Baba alipita. Na msimu wa kupanda ulipofika, bibi alichemsha kibuyu kizima cha mbegu, chote, akatulisha siku tatu. "Hayatasema tena siri ya mtu," alisema. Alikufa kabla mvua hazijaisha. Baba alichimba kaburi mwenyewe, na hata pale hakumsalimia.

Nimeyatafuta maharage yale. Masoko ya Iringa, ya Mbeya hapa ninapoishi sasa, mpaka magunia yanayotoka Chunya nimeyachokonoa. Wauzaji wananifukuza: "Bibi, unanunua au unachambua?" Hayapo. Duka la ushirika limebomoka, fundi alirudi kwao, sheria ya njiti hakuna anayeikumbuka. Baba naye tulimzika, sikuwahi kumwambia.

Ila kuna jambo moja linaniudhi hadi uzeeni. Bibi alikuwa na kiganja kipana kama cha mwanaume. Konzi yake hujaza kikombe. Yale yalikuwa kumi na moja, konzi ya mtoto, na baba alikuwa amesimama karibu na ungo kuliko sisi sote. Mtu anayehesabu kete za mwenzake akiwa amesinzia, hakuhesabu maharage kumi na moja?

Alihesabu. Akaona afadhali amchukie mama yake kuliko kukubali kwamba hata mtoto aliiona njiti.