App yangu ilikosa variable moja, mama wa watu Kinyala akachuma chai ya kutupa

Wakuu, poleni na mihangaiko. Hili limenikuta mimi mwenyewe na sijaongeza chumvi.

Naishi Bagamoyo (ya Tukuyu jamani, siyo ile ya Pwani). Nilitengeneza app inayowatumia wakulima wa Kinyala meseji kuwaambia siku gari la kukusanya majani ya chai litapita.

Namba zao niliziweka kwenye environment variable, yaani mpangilio unaokaa kwenye server, app inausoma ikiwaka. Ukikosekana, niliiambia itumie namba ya mama yangu aliyeko Mpuguso. Ilikuwa ya majaribio tu, nikaiacha humo. Uvivu.

Juzi kati nikahamia server mpya. Ile variable nikasahau kuiweka. App ikawaka vizuri, wala haikulalamika.

Wiki hiyo hiyo gari likasogezwa kutoka Ijumaa hadi Jumatano. Nikatuma tangazo mara tatu.

Majibu yakarudi: "Ndaga." "Ndaga." "Ndaga fijo."

Kwetu ndiyo asante, asante sana. Nikajua watu wamepata. Namba iliyojibu sikuiangalia.

Jumamosi nikaitwa Kinyala kwa mama Tusa, mkulima wangu wa kwanza kujiunga. Alichuma tangu Alhamisi, Ijumaa akashinda kituoni akisubiri gari lililokwisha kupita. Majani yalishapata joto, yamekuwa mekundu.

"Simu ninayo hapa kiunoni, haikulia," akaniambia. "Zamani tulikuwa tunaulizana. Ulipokuja na mambo yako tukaacha, mwanangu."

Wakuu, niliona aibu. Angenitukana ningepumua.

Nikafungua yale majibu: yote matatu yametoka namba ya mama yangu. Nikampigia. Akacheka: "Nilizipata zote, nikashukuru. Chai sina, lakini nikasema leo mwanangu amenikumbuka."



Siku hiyo hiyo nikafuta namba ya mama kwenye code. Sasa app inakagua kila variable kabla ya kuwaka. Ikikosekana hata moja inagoma, inaitaja kwa jina. Kazi ya dakika kumi, nilikuwa naikwepa kwa sababu sikupenda kuona error nyekundu.

Nilichojifunza: app inayogoma inanisumbua mimi peke yangu. Inayojifanya nzima inamsumbua mtu aliye shambani.

Wiki iliyofuata nikampigia mama Tusa kuhakikisha. Meseji kaipata.

"Ila nimemuuliza jirani kwanza," akasema.

Nyie wenzangu mnakagua vipi app zenu? Karibuni, hata kunisema ruksa.